Mtoto huyu atapumuaje akilala?

*Kwa watoto wanaozaliwa na hitilafu za mishipa ya limfu, kazi ngumu kuliko zote katika chumba cha upasuaji hufanyika kabla kisu hakijagusa ngozi. Wataalamu wa usingizi bado wanabishana jinsi ya kuifanya, na wapi ifanyiwe.*

Kabla mtoto hajaingizwa chumba cha upasuaji, meza ya mtaalamu wa usingizi huwa imeshapangwa. Kuna mirija ya kupumulia ya saizi tatu au nne, mmoja ukiwa mwembamba kuliko ule ambao kwa kawaida ungemfaa mtoto wa umri wake. Kuna barakoa za uso, kifaa chenye taa cha kutazamia koo, na mashine ya kufyonza mate ambayo imewashwa ili kuhakikisha inavuta.

Pembeni amesimama daktari wa upasuaji. Amekwisha kunawa na kuvaa glovu, ingawa muda wa kukata bado. Yupo pale kwa dharura moja: kutoboa koo iwapo hewa itakatika.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Mahali ambapo angetoboa pamefunikwa na uvimbe.

Mtoto anayesubiriwa ana miezi michache tu. Uvimbe wake umeanzia chini ya sikio, ukapita chini ya taya, ukashuka hadi kwenye mtulinga. Ni laini, hauumi, na ukiumulika kwa tochi gizani unang'aa, kwa sababu ndani umejaa maji. Madaktari huuita saistiki haigroma. Si saratani. Lakini ukikua kuelekea ndani, husukuma njia ya hewa upande mmoja, huinua ulimi, na wakati mwingine hushuka hadi kifuani.

Upasuaji wake unaweza kuchukua saa kadhaa. Dakika za kuogopwa ni zile za mwanzo, mtoto anapolazwa usingizi, na zile za mwisho, mrija unapotolewa.

Maji yaliyokosa njia

Limfu ni majimaji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu na kubaki katikati ya seli za mwili. Mishipa yake myembamba huyakusanya, huyapitisha kwenye tezi ambako vijidudu hukamatwa, kisha huyarudisha kwenye damu kupitia mishipa mikubwa iliyo chini ya shingo.

Watu wa mwambao wanajua hutokea nini njia hiyo ikiharibika. Matende na mabusha yametesa vizazi kuanzia Tanga na Mafia hadi Lindi na Mtwara. Huko, minyoo inayoenezwa na mbu huharibu mishipa iliyokuwa mizima. Kwa mtoto wa haigroma hakuna mnyoo wala mbu. Mishipa yake haikuungana ipasavyo akiwa tumboni, maji yakajikusanya katika mifuko: mingine mikubwa, mingine midogo isiyohesabika.

Takriban robo tatu ya hitilafu hizi hujitokeza kichwani na shingoni. Nyingi huonekana siku ya kuzaliwa au kabla mtoto hajatimiza miaka 2.

Mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa sehemu kubwa hutokana na badiliko katika jeni iitwayo PIK3CA, linalotokea kwenye baadhi ya seli mtoto akiwa bado kiinitete. Halirithiwi kwa baba wala kwa mama. Kila mzazi anapaswa kuambiwa hivyo, na mapema, maana mama wa mtoto kama huyu hufika hospitali akiwa ameshasikia mengi: alikula nini, alimkosea nani, alipita wapi akiwa mjamzito. Hakuna alichokosea.

Usingizi unavyofunga njia

Mtu akiwa macho, misuli ya ulimi, taya na koromeo huishikilia njia ya hewa ibaki wazi bila yeye kujua. Dawa ya usingizi huilegeza. Kwa mtu mzima mwenye shingo ya kawaida, mtaalamu huinua kidevu na hewa ikapita. Kwa mtoto mwenye uvimbe, ulimi huanguka nyuma, uzito wa maji hukandamiza kutoka nje, na njia hujifunga kama mfuko wa plastiki ulionyonywa hewa.

Muda wa kurekebisha ni mfupi. Kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, na akiba iliyo katika mapafu yake ni ndogo. Mtu mzima aliyevutishwa oksijeni vizuri anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakijaanza kushuka. Kwa mtoto mchanga muda huo huhesabiwa kwa sekunde, na oksijeni ikishuka, mapigo ya moyo hufuata.

Ndiyo maana dawa ya kulegeza misuli yote, ambayo kila siku hutumika kurahisisha kupitisha mrija, kwa mtoto huyu huwekwa kando. Haiguswi mpaka mrija uwe umeingia na kuthibitishwa kuwa uko mahali pake.

> Kanuni ya kwanza ni kutomnyang'anya mtoto pumzi yake mwenyewe kabla ya kuwa na nyingine ya kumpa.

Muulizeni mama

Vipo vipimo vya picha. Ultrasaundi huonyesha ukubwa wa mifuko, nayo MRI huonyesha vizuri zaidi uvimbe umejipenyeza wapi. Lakini MRI inataka mtoto atulie kwa muda mrefu, amelala chali ndani ya mashine, na mtoto mdogo hatulii bila dawa. Basi timu hujikuta ikitakiwa kumlaza mtoto usingizi ili ijue kama ni salama kumlaza usingizi. Baadhi ya wataalamu huamua kuiacha na kutegemea ultrasaundi na picha ya kifua. Siwalaumu.

Kipimo kingine ni mama mwenyewe. Mtoto analala upande gani? Anakoroma? Anashtuka usiku akitafuta hewa? Anapaliwa akinyonya? Kilio chake kimebadilika?

Mtoto ambaye hulala kwa ubavu wa kushoto tu amekwisha kuupata mwenyewe mkao unaomwachia pumzi. Mama yake anaujua mkao huo kwa sababu amekesha nao. Mtaalamu asiyemuuliza, akamlaza mtoto chali kwa kuwa ndivyo kitanda kilivyo, ametupa taarifa ambayo hakuna mashine ingempa. Nalisisitiza hili kwa sababu mazungumzo hayo hayana gharama yoyote, na katika kliniki yenye foleni ndefu ndiyo ya kwanza kukatwa.

Aulizwe pia kuhusu juzi na jana. Uvimbe wa limfu unaweza kukua kwa usiku mmoja mtoto akipata mafua, au damu ikivujia ndani ya mfuko. Mama akisema leo si kama wiki iliyopita, mpango wa wiki iliyopita haufai tena.

Gesi au ketamini

Kumwacha mtoto apumue mwenyewe si jambo linalobishaniwa sana. Ubishi uko kwenye dawa ya kumfikisha usingizini huku akiendelea kupumua.

Upande mmoja unashika gesi. Mtoto huvutishwa kwa barakoa, polepole, akiwa amekaa au amelala ubavu. Hewa ikianza kukwama, gesi hufungwa na usingizi humtoka kwa pumzi zake mwenyewe. Sevoflureni ndiyo inayopendwa, kwa kuwa haiwashi koo na huisha haraka, lakini bei yake ni kubwa na inahitaji chombo chake cha kuivukiza. Halotheni, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa Uingereza mwaka 1956, imebeba vyumba vya upasuaji vya Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Humlaza mtoto taratibu, ila hupunguza nguvu ya moyo.

Gesi ina mtego wake. Njia ya hewa ikiziba kabisa, ile iliyokwisha kuingia mwilini nayo hukosa pa kutokea.

Upande wa pili unashika ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikaidhinishwa huko mwaka 1970. Haitaki umeme wala mashine, inaweza kuchomwa kwenye msuli, na kwa kipimo cha kawaida haizimi pumzi wala hailegezi koo kama dawa nyingine. Mahali ambapo umeme hukatika katikati ya kazi, hiyo si sifa ndogo. Lakini huongeza mate, na mate yakigusa koromeo la mtoto ambaye hajazama usingizini, koromeo linaweza kubana lote. Ndiyo maana wengi hutanguliza atropini ya kukausha mate. Tena ketamini ikishachomwa, hairudi kwenye sindano.

Dawa hii iliwahi kukaribia kufungiwa. China iliomba Umoja wa Mataifa uiweke chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu ya vijana wanaoitumia kulewa. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilishauri isifanywe hivyo, ikijua kuwa sehemu nyingi za vijijini duniani hazina dawa nyingine ya usingizi. Mwaka 2015 uamuzi ukaahirishwa. Ungepita, wa kwanza kuumia wangekuwa wagonjwa wa hospitali za wilaya.

Nionavyo, ubishi wa gesi na ketamini umepewa uzito kupita kiasi. Dawa ambayo mikono ya mtaalamu imeizoea ni salama kuliko ile anayoitumia mara ya kwanza kwa kuwa imesifiwa kitabuni. Yapo mengine yenye uzito zaidi. Pale mifuko inapokuwa mikubwa, kwa mfano, timu nyingine huingiza sindano na kunyonya maji kwanza, mtoto akiwa macho kwa ganzi ya ngozi. Shingo hupungua na taya hupata nafasi. Wanaopinga husema damu inaweza kuvujia ndani, na daktari wa upasuaji baadaye hupata tabu kufuata kingo za mfuko uliosinyaa. Kwa uvimbe wa mifuko midogo, ambao mara nyingi hukaa ulimini na chini ya ulimi, sindano haisaidii, na watoto wenye uvimbe huo ndio wenye njia ya hewa ngumu kuliko wote.

Jambo jingine ni kitanda. Baada ya upasuaji wa shingo, ulimi na koo huvimba, hivyo mrija huweza kuachwa siku moja au zaidi. Hiyo ina maana ya mashine ya kupumulia, oksijeni isiyokatika, na muuguzi wa mchana na wa usiku. Kama kitanda pekee cha wagonjwa mahututi kina mtu, tarehe ya upasuaji isogezwe, hata kama familia imesafiri siku mbili kufika.

Bleomisini na swali la oksijeni

Kisu chenyewe kina wapinzani. Uvimbe hujizungusha kwenye mishipa ya fahamu ya uso na ulimi, na kuuondoa wote mara nyingi haiwezekani bila kuacha ulemavu. Kipande kilichobaki kinaweza kukua tena. Kwa hiyo, hasa kwa mifuko mikubwa, madaktari wengi huanza na sindano ya dawa: maji hunyonywa, dawa huingizwa ndani ya mfuko, kuta zikashikana.

Mwaka 1987 madaktari wa Japani walitoa taarifa njema kuhusu dawa yao ya OK-432. Bleomisini, dawa ya saratani iliyogunduliwa pia Japani na timu ya Hamao Umezawa katika miaka ya 1960, ina faida kubwa kwetu: imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO, na hospitali zinazotibu saratani zinaijua.

Kwa mtaalamu wa usingizi, sindano haiondoi tatizo. Hulirudia. Mtoto huchomwa mara kadhaa kwa miezi, na kila mara hulazwa upya. Baada ya dawa kuingia, uvimbe unaweza kuongezeka kwa siku kadhaa kabla haujapungua. Mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani jioni anaweza kukosa hewa kesho yake usiku akiwa mbali na hospitali.

Kisha kuna mapafu. Mwaka 1978 madaktari wa New York wakiongozwa na Paul Goldiner waliandika juu ya wagonjwa 5 wa saratani waliokuwa wametumia bleomisini, ambao walikufa baada ya upasuaji kwa mapafu kushindwa kazi. Waliofuata walipewa oksijeni kidogo na maji ya mshipa kwa kiasi, wakapona. Tangu hapo wanafunzi wa usingizi hufundishwa kuwa bleomisini na oksijeni nyingi haviendi pamoja. Mwaka 1998 utafiti mwingine ukasema kosa kubwa lilikuwa wingi wa maji ya mshipani, na oksijeni ilisingiziwa. Mabishano hayajaisha.

Wagonjwa hao walikuwa wamepewa dozi za saratani. Mtoto anayechomwa kiasi kidogo ndani ya mfuko wa shingo yuko kwenye hatari ndogo zaidi. Hata hivyo dozi hujumlishwa, na mapafu hayasahau.

Sasa mtaalamu afanye nini, ikiwa njia ya hewa inadai oksijeni yote iliyopo, na historia ya dawa inamwambia apunguze? Jibu linalofuatwa na wengi lina mantiki. Wakati wa kuitafuta njia ya hewa, mtoto apewe oksijeni bila ubahili, kwa kuwa kukosa hewa kunaua leo. Mrija ukishatulia, ipunguzwe hadi kiasi kinachoweka kipimo cha kidoleni mahali salama, na maji ya mshipa yahesabiwe.

> Wakati wa kuitafuta njia ya hewa, oksijeni isifanyiwe ubahili: kukosa hewa kunaua leo.

Kuna dogo moja ambalo vitabu vingi hulipita. Ngozi ya mtoto aliyechomwa bleomisini inaweza kubaki na mabaka meusi pale ilipokwaruzwa au kubandukwa plasta. Stika za kupimia moyo na plasta za kushikilia mrija zisibanduliwe kwa nguvu siku hiyo.

Siku hizi iko pia sirolimasi, dawa ya kumeza iliyotokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa kisiwa cha Rapa Nui mwaka 1964. Huweza kuupunguza uvimbe bila kisu wala sindano. Hushusha kinga na kuchelewesha vidonda kupona, kwa hiyo daktari wa usingizi na wa upasuaji lazima waambiwe kama mtoto anaitumia.

Mifupa inayoyeyuka

Haigroma ni hitilafu ya limfu ambayo daktari wa Afrika Mashariki anaweza kukutana nayo. Zipo nadra zaidi. Ugonjwa wa Gorham na Stout, ulioandikwa mara ya kwanza Boston mwaka 1838 na kupewa sura yake mwaka 1955, huifanya mifupa iyeyuke, nafasi yake ikichukuliwa na mishipa ya limfu na damu.

Kwa mgonjwa huyo, kukunja shingo nyuma ili kupitisha mrija kunaweza kuvunja pingili. Kumgeuza kitandani kunaweza kuvunja mbavu. Maji ya limfu yenye rangi ya maziwa huweza kujaa kifuani yakabana mapafu, na ni lazima yatolewe kabla ya usingizi. Hata sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, ambayo wengi huikimbilia wakiamini ni salama kuliko nusukaputi, inaweza kutua penye mishipa iliyovamia pingili. Picha ya mgongo itangulie.

Rufaa au wilayani?

Nani afanye kazi hii? Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji na usingizi salama kwa gharama wanayoimudu. Shirikisho la kimataifa la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hazina hata mmoja kwa idadi hiyo.

Pengo hilo limezibwa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea usingizi, katika vyuo kama KCMC cha Moshi. Ndio wanaolaza wagonjwa katika hospitali nyingi za wilaya. Bila wao, akina mama wangekufa kwa kukosa upasuaji wa uzazi.

Wapo madaktari bingwa wanaosema mtoto wa haigroma asiguswe nje ya hospitali ya kanda au ya taifa. Wapo wanaojibu kuwa Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na uvimbe uliopata maambukizi hausubiri basi. Naona wote wanasema kweli, kila mmoja juu ya mtoto tofauti. Mtoto aliyetulia, ambaye tarehe yake inaweza kupangwa, aende kwenye wodi ya mahututi na timu kamili, na asichelewe kuandikiwa rufaa. Mtoto anayekoroma kwa tabu saa nane usiku ni wa wilaya, wapende wasipende.

Kwa huyo wa usiku, mengi yanayookoa yako ndani ya uwezo wa wilaya. Aachwe katika mkao alioutaka mwenyewe, mikononi mwa mama. Apewe oksijeni, na dawa ya bakteria kama kuna homa na wekundu. Asilazwe chali kwa ajili ya picha. Asipewe dawa ya kumtuliza ili asafiri vizuri, kwa kuwa utulivu huo unaweza kuwa ndio unaomziba. Na asipandishwe gari la wagonjwa bila mtu anayejua kutumia barakoa na mfuko wa kupulizia.

Tanzania ina sehemu yake katika historia ya usalama huu. WHO ilipojaribu orodha ya maswali ya usalama wa upasuaji, ilichagua hospitali 8 duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Miongoni mwa maswali yanayoulizwa kabla mgonjwa hajalazwa usingizi ni haya: kipimo cha oksijeni kimefungwa na kinafanya kazi? Je, mgonjwa ana njia ya hewa ngumu? Kama ndiyo, vifaa na msaidizi wapo? Kwa mtoto wa haigroma, jibu la hapana kwenye hilo la mwisho ni sababu tosha ya kusimamisha kazi, na muuguzi wa usingizi anayeisimamisha anastahili kuungwa mkono na daktari aliye juu yake.

Kiandikwe wapi

Maradhi adimu hayana majaribio makubwa ya kitabibu. Yanayojulikana yametoka kwenye taarifa za mgonjwa mmojammoja. Chama cha madaktari wa usingizi cha Ujerumani kina mradi uitwao OrphanAnesthesia, unaotoa bure ushauri wa usingizi kwa maradhi adimu. Ni hazina, ingawa ushauri mwingi umeandikwa kwa kuwaza hospitali yenye kila kifaa. Timu ya Mwanza au Mbeya iliyomvusha mtoto kwa ketamini, sindano ya kunyonya maji na mrija mwembamba inajua jambo ambalo wenzao wa Ulaya hawalijui, na mara nyingi ujuzi huo huishia kwenye faili.

Mtoto mwenyewe atarudi chumba cha upasuaji, pengine kwa ngiri, kwa jino, kwa mfupa uliovunjika, katika hospitali nyingine kabisa. Wagonjwa wengi wa Tanzania hutembea na daftari lao la matibabu. Mtaalamu wa usingizi aombe daftari hilo kabla mama hajaondoka, aandike kwa herufi zinazosomeka: dawa aliyoanza nayo, mkao uliofaa, saizi ya mrija uliopita, majaribio mangapi, kilichoshindikana, na jumla ya bleomisini aliyopewa mpaka siku hiyo. Kisha amsomee mama, ili ajue ukurasa huo ndio wa kuonyesha kwanza kila mtu atakapotaka kumlaza mtoto wake usingizi.